Maharusi Ndio Wenyeji

Siku ya harusi yangu, Septemba 2011, kuna mtu alisimama nje ya geti la ukumbi akinisubiri, na mimi sikuwa na habari. Alikuwa mdogo wake bibi mzaa mama, ambaye kwetu naye ni bibi tu, na ndiye aliyenilea likizo zote nilipokuwa shule ya msingi. Alitoka kijijini, upande wa Mvumi, kwa pikapu iliyoleta majirani zake mjini Dodoma. Alivaa kanga mpya, na kwapani alibeba kuku wa kunipa. Hakuwa na kadi. Vijana wa mlangoni niliwachagua mimi mwenyewe, na maagizo yao yalikuwa mafupi: asiye na kadi haingii, awe nani. Wakamwambia kwa heshima, "Bibi, kaa hapo pembeni, maharusi wakifika watakuona."

Akakaa. Tulitangaziwa kuingia ukumbini saa 12 jioni. Tuliingia saa 3 na nusu usiku. Pikapu ya Mvumi iliondoka saa 2.

Saluni ilinichelewesha asubuhi, hilo ni kweli, lakini saluni ilikula saa moja tu. Saa nyingine zote nilizitumia kwenye shamba la zabibu la watu, nageuzwa huku na huku na mpiga picha anayetafuta jua linalozama, kisha tukazunguka mjini na matarumbeta mizunguko miwili ya ziada kwa sababu wapambe walitaka. Picha zile ni nzuri. Ninazo kwenye albamu, na kila nikiifungua nakumbuka wakati ule nani alikuwa amekaa wapi.

Habari nilizipata siku ya 9, tulipokwenda kijijini kusalimia. Hakuniambia yeye, aliniambia mjukuu wake mwingine tukiwa kisimani. Bibi mwenyewe aliniuliza jambo moja tu tulipokaa: "Karanga zilitosha?" Maana wiki moja kabla ya harusi alituma gunia la karanga. Zilifika, zikakaangwa, zikawekwa kwenye visahani kila meza. Lakini daftari la kamati ya harusi liliandika fedha tu, na kadi zilitolewa kwa kufuata daftari.

Tangu hapo nimekaa kwenye kamati nyingi za harusi hapa Dodoma, mara katibu, mara mapokezi, mara mweka hazina, na nimewasimamia mabibi harusi wanne. Mabinti hunijia kuuliza adabu za siku ile: niketi vipi, ua nilishike mkono gani, nicheke au nisicheke. Nawaelekeza, kwa kuwa hayo nayo yana mahali pake. Ila naanza na hili: siku hiyo ninyi ndio wenyeji. Kile kiti cha meza kuu, kwa jinsi kinavyopambwa, kinamfanya mtu ajione mgeni rasmi. Anaketi, anahudumiwa, anaimbiwa, anapigwa picha, na watu wote wanamtazama. Akishajiona mgeni, anasahau kazi ya mwenyeji, ambayo ni kujua nani amefika, ametoka wapi, amekula, na atarudije kwake.

Wazee wetu wa Kigogo wana salamu isiyo na haraka. Mtu akifika penye watu husema "Mbukwenyi", na waliopo huacha walichoshika wakaitika, halafu ndipo yanafuata maswali ya nyumbani, ya watoto, ya mifugo. Nimeyaona hayo tangu utotoni na sikuwahi kumwona bibi akimwitikia mtu huku amempa mgongo. Nami siku ya harusi yangu niliwapita watu zaidi ya 300 kwa mwendo wa kucheza, nikiwapungia mkono mmoja.

Na harusi haijawahi kuwa ya watu wawili. Ng'ombe wa mahari hawatoki zizi moja: baba wa kijana anatoa wake, baba wakubwa na wadogo wanaongeza, upande wa mama nao unaongeza. Wakifika ukweni vilevile hawalali zizi moja, wanagawanywa kwa ndugu wa baba na ndugu wa mama wa binti, na mjomba ana fungu lake. Kwa hiyo kila aliyetoa ng'ombe alikuwa na neno kwenye ndoa ile, na kila aliyepokea alikuwa na wajibu nayo. Leo wengi wa ng'ombe hao wamegeuka miamala ya simu. Kundi la WhatsApp linafunguliwa, kadi za mchango zinagawiwa kazini na kanisani, ahadi zinaandikwa na kukumbushwa, kikao kila Jumapili jioni. Anayefikisha kiasi kilichopangwa anapata kadi ya singo, ya mtu mmoja, anayezidisha anapata dabo, ya watu wawili.

Mimi naipenda michango. Nimeona mtoto wa mjane akiozwa kwa heshima zote na watu ambao hawakuwa hata na udugu naye. Ninachowaomba maharusi ni walisome lile daftari wenyewe, mstari kwa mstari, kisha waandike daftari la pili. Humo waingie waliotoa kisichohesabika kwa shilingi: aliyeleta karanga, aliyeleta kuni, aliyeahidi kuku wawili, fundi aliyepunguza bei ya kushona, shangazi aliyelala hospitali na mama yako mwaka juzi, mwalimu aliyekulipia mtihani. Hao wapewe kadi, na kadi zao zipelekwe kwa mkono. Muda upo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya nia ya kuoana itolewe siku 21 kabla ya ndoa, na makanisani tangazo linasomwa Jumapili tatu. Siku hizo 21 zinatosha kabisa kwenda Mvumi na kurudi.

Kisha muda wenyewe wa siku ile. Hapa ndipo nitakapokaa, kwa sababu ndipo tunapokosea zaidi, na tumefika mahali tunacheka tu tukisema "saa za Kiswahili".

Harusi zetu nyingi huja baada ya mavuno, kuanzia Juni. Usiku wa Juni na Julai Dodoma ina baridi ambayo mtu wa Pwani haitegemei, na kuanzia Agosti upepo unapiga vumbi mpaka linaingia kwenye meno. Katika hali hiyo, mgeni aliyeambiwa ibada ni saa 8 mchana anaketi nje ya kanisa akimsubiri bibi harusi ambaye bado yuko saluni. Kati ya wageni wale yupo mwenye kisukari ambaye dawa yake inakwenda na chakula. Yupo mama anayenyonyesha. Yupo aliyeomba ruhusa ya nusu siku. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, ndugu wengi wa Dar es Salaam wanakuja asubuhi na kuondoka kesho yake, na treni ina saa yake ya kuondoka. Ukimchelewesha mtu wa namna hiyo, unamlipisha mara ya pili baada ya kukuchangia.

Niliwahi kualikwa nikaha Kondoa, kilomita zipatazo 160 kaskazini mwa hapa. Ilipangwa baada ya sala ya Adhuhuri, na baada ya sala ya Adhuhuri ikafungwa. Bwana harusi alikuwa amekaa mkekani kabla ya sheikh kumaliza kukunja vitabu vyake. Mkono ukashikwa, maneno yakasemwa, dua ikasomwa, pilau ikaja kwenye masinia, na mpaka Magharibi inaadhiniwa wazee walikuwa wamesharudi makwao. Mpiga picha alikuwepo, na alipata picha zake. Nilirudi Dodoma nikiwaza kwamba pale kila mtu, pamoja na maharusi, alikubali kuwa kuna kitu kikubwa kuliko yeye kinachopanga saa.

Kwa hiyo mabinti ninaowasimamia nawaambia hivi. Saluni iwe alfajiri, na kama nywele zinataka saa tano, zianze jana yake. Picha ziwe na dakika 40, mahali palipo njiani kati ya kanisa na ukumbi. Kama mnataka shamba la zabibu, nendeni wiki moja baadaye mkiwa mmepumzika, zabibu hazihami. Msafara wa magari upite njia moja. Na endapo mmechelewa pamoja na hayo yote, maana tairi hupasuka na padri huugua, basi toeni ruhusa chakula kianze bila ninyi. Nimewaona maharusi waliokasirika kukuta wageni wanakula. Mimi naona mzee wa miaka 75 aliyekula saa 2 usiku ndiye atakayekuwa na nguvu ya kuwapa baraka saa 4.

Jambo jingine la muda, la Dodoma hasa: mkipanga harusi kati ya Aprili na Juni, Bunge la Bajeti lipo, na nyumba za wageni hujaa. Mgeni wa mbali asiambiwe afike tu kisha atajua mwenyewe. Mtafutieni pa kulala kabla hajapanda gari.

Sasa sura. Mama zetu wanafundisha bibi harusi asicheke ovyo, ainamishe macho, atembee taratibu. Wapo wanaosema ni mambo ya zamani. Mimi naona yana uzuri wake. Binti anayeingia ukumbini ameinamisha macho anawaambia wazazi kwamba kuondoka nyumbani kwao si jambo dogo, na nimemwona baba, mtu mzima mwenye sauti kubwa, akifuta machozi kwa kuona hivyo tu. Lakini aibu ina joto ndani yake. Kuna kitu kingine ambacho ni kununa, na watu wanakitambua wakiwa kiti cha mwisho. Kiatu kinabana, mpambaji ameweka maua meupe badala ya ya pinki, wifi amesema neno. Uso unafungwa, na ukifungwa kule juu ukumbi mzima unapoa. Mwenzako ana kazi hapa. Bwana harusi anayeinama akamuuliza mkewe polepole "nini kimekuudhi?" na akamwita msimamizi alete viatu vya chini, huyo nimemheshimu tangu siku ile. Viatu vya chini viwe kwenye begi la msimamizi kila mara.

Simu zikae kwa wasimamizi. Sina maelezo marefu. Mkijibu pongezi za aliye mbali huku mjomba amesimama mbele yenu na zawadi mkononi, mjomba ataona.

Na ngoma. Hili liliniuma mwaka juzi kwenye harusi moja niliyokuwa kamati ya mapokezi. Kikundi cha akina mama kutoka kijijini kwa bwana harusi kilikuja kupiga muheme. Wanaoijua ngoma hii wanajua uzito wake: kwetu huipiga wanawake, ngoma imebanwa mapajani, mwili wote unaingia kazini, na ni ngoma iliyofungamana na malezi ya mabinti tangu zamani. Muziki wa Wagogo ni ule ambao marehemu Hukwe Zawose aliufikisha kwenye majukwaa ya Ulaya, watu wakasimama kuusikiliza. Pale ukumbini maharusi walibaki wameketi. Bibi harusi alikuwa anarekebishwa nywele. Bwana harusi aliongea na mpambe wake mwanzo mpaka mwisho. Akina mama wale walimaliza, wakainama, wakatoka. Dakika tano baadaye ukapigwa wimbo wa redioni na maharusi wakanyanyuka kuserebuka.

Wakija kuwapigia ngoma, simameni. Shukeni jukwaani, mwende walipo, mcheze hata kama hamjui, muwatunze kwa mikono yenu na si kwa kumtuma mpambe. Mama aliyesafiri na ngoma yake kwenye keria ya basi anastahili mharusi atoe jasho kidogo.

Kwenye keki sina mengi ila moja. Tunajua keki ya ukweni: bibi harusi anapiga magoti kuwapa wakwe, ukumbi unapiga vigelegele. Vizuri sana. Halafu zamu ya bwana harusi kwa wakwe zake, na hapo mara nyingi anakabidhi kisanduku amesimama wima, anapeana mikono kama mtu anayepokea cheti. Heshima ile ni ya pande zote mbili. Baba aliyekupa binti yake asiangaliwe kutoka juu. Pigeni magoti wote wawili, kwa wazazi wote, na msiharakishwe na MC.

MC naye lazima aongozwe. Ni mtu wa kazi, anamfuata aliyemlipa, na asipoambiwa atafanya alichofanya Jumamosi iliyopita. Kaeni naye kabla. Mwambieni asitaje kiasi cha fedha kwenye bahasha mbele ya watu, kwa sababu aliyetoa 10,000 kutoka kwenye pensheni amesikia aliyetoa 500,000 akishangiliwa, na amerudi kitini taratibu. Mwambieni asifanye utani juu ya kabila la wakwe. Mwambieni kama mama wa bwana harusi na baba yake wameachana, asiwaite jukwaani washikane mikono. Mambo haya mnayajua ninyi tu. Mkinyamaza, aibu itakayowapata wazazi wenu imetoka kwenu.

Kinywaji nakipita haraka: mvinyo wetu wa Dodoma ni mzuri, glasi ya kugonganisha inatosha, na bwana harusi aliyelewa kwenye harusi yake amemwacha mkewe peke yake mbele ya watu 300.

Nenda nyuma ya ukumbi. Hili hakuna aliyenifundisha, nililiona kwa bwana harusi mmoja kijana, fundi umeme wa Nkuhungu. Kabla ya kuingia alimshika mkewe mkono wakazunguka nyuma kulikokuwa na wapishi, moshi na masufuria, gauni jeupe na yote. Akasema, "Mama zangu, shikamooni. Tumekuja kuwashukuru kabla hatujala." Mpishi mkuu, mama aliyepika harusi pengine 200 maishani mwake, aliweka mwiko chini akafunika uso kwa khanga. Kisha kijana akauliza kama madereva na wapiga matarumbeta wametengewa chakula. Hawakuwa wametengewa. Wakatengewa.

Agosti iliyopita tulimwoza binti wa dada yangu. Nilikuwa msimamizi wake, na daftari la pili tuliliandika pamoja naye na mchumba wake sebuleni kwangu, majina 43. Kadi za kijijini walizipeleka wenyewe. Ibada ilikuwa saa 8, na saa 8 bwana harusi alikuwa mbele na bibi harusi alikuwa mlangoni. Picha zilipigwa kwenye bustani ya kanisa. Saa 12 na dakika 10 jioni tulifika ukumbini, na MC akatoka mbio kutuambia tusubiri kwenye gari, kwamba wageni wakishakaa ndipo maharusi waingie kwa muziki. Binti akamjibu kwa upole, "Kaka, acha tuwapokee kwanza." Wakasimama getini, wawili, wasimamizi nyuma yao. Kila aliyefika walimshika mkono na kumwamkia, na aliyekuja bila kadi walimwingiza wenyewe. Ilichukua karibu saa nzima. Pindo la gauni lilikuwa jekundu kwa vumbi, na mpiga picha alilalamika, na picha zake bora za siku ile zote ni za pale getini.

Bibi yangu alikuwa wa tatu kushuka kwenye kosta iliyotoka Mvumi. Macho yake hayaoni vizuri tena, kwa hiyo aliushika mkono wa bibi harusi muda mrefu akiupapasa, akauliza huyu ni wa nani, akatajiwa mama na bibi zake wote mpaka aliporidhika. Wageni nyuma yake walingoja, hakuna aliyesukuma. Nikamkalisha meza ya mbele, karibu na wazazi. Mezani kulikuwa na kisahani cha karanga, za kwake, maana safari hii pia alituma gunia na jina lake lilikuwa mstari wa kwanza wa daftari. Akaokota moja, akaitafuna taratibu upande wenye meno.

"Zimeungua kidogo," akaniambia. Akachukua nyingine.